Victron MultiPlus-II 48/3000 kwa nyumba inayopeleka umeme kwenye gridi: tathmini ya kiufundi

Watu wengi wakinunua inveta huuliza jambo moja: umeme ukikatika, taa zitaendelea kuwaka? Kwa nyumba yenye paneli za sola ambayo bado imeungwa kwenye laini ya mtaa, kuna swali zito zaidi. Kifaa kinafanya nini pale penye mita mchana wa jua kali, betri imejaa, nyumbani hakuna mtu, na umeme wote uliozidi unatafuta pa kutokea? Hapo wanaguswa jirani, fundi aliyepanda nguzo na transfoma ya mtaa mzima. Tathmini hii inaipima MultiPlus-II 48/3000 ya Victron Energy, kampuni ya Uholanzi, kwa kigezo hicho.

Maoni yetu kwa kifupi: ni kifaa kizuri sana kwa nyumba yenye betri ambayo inataka kutumia umeme wake kwanza na kupeleka nje ziada tu. Kwa anayetaka kupeleka umeme wote wa paneli nje, bila betri, si chaguo sahihi. Inveta ya kawaida ya sola itampa zaidi kwa vifaa vichache. Na lawama nyingi zinazoelekezwa kwa MultiPlus-II chanzo chake ni ufungaji: sensa iliyogeuzwa, nyutro zilizochanganywa, au kanuni za gridi zilizoachwa bila kuchaguliwa.

Kifaa chenyewe

MultiPlus-II ni inveta na chaja ndani ya kasha moja. Inakaa kati ya gridi na mizigo ya nyumba, na upande wa pili imeshika betri ya volti 48. Haina sehemu ya kuunga paneli moja kwa moja. Paneli zinaingia kwa njia mbili: kupitia chaja ya sola ya MPPT (inayotafuta nguvu ya juu kabisa ya paneli) upande wa betri, au kupitia inveta ya sola ya kawaida iliyoungwa upande wa volti 230. Uamuzi kati ya njia hizo mbili una athari kubwa kwa gridi, nasi tutaurudia.

Namba 3000 iliyoandikwa kwenye jina ni VA (volti mara ampea), wala si wati. Nguvu halisi inayoweza kutoa mfululizo ni wati 2400 kwenye nyuzijoto 25, na hushuka hadi wati 2200 kwenye nyuzijoto 40. Chumba cha vifaa kikiwa chini ya bati bila hewa, panga hesabu zako kwa 2200 au chini yake. Kwa muda mfupi inafika wati 5500, kiasi cha kuwasha pampu au kompresa ya friji bila kuyumba. Chaja yake ina ampea 35, yaani karibu kilowati 1.8 kwenye betri ya lithiamu. Rilei ya kupitisha umeme wa gridi ina kikomo cha ampea 32, na hicho ndicho kikomo cha mizigo yote iliyo nyuma yake.

Ndani kuna transfoma ya kweli, ndiyo sababu inauma begani ukiibeba na ndiyo sababu inavumilia mizigo migumu. Transfoma hiyo inakula wati 11 hata mizigo ikiwa sifuri. Ufanisi wake wa juu kabisa ni asilimia 95. Ukizidisha na asilimia 98 ya chaja nzuri ya MPPT, umeme wa paneli unaofika kwenye gridi kwa njia ya betri ni karibu asilimia 93 ya uliozalishwa. Inveta ya sola isiyo na transfoma hufikisha karibu asilimia 97. Tofauti hiyo ndiyo hoja yetu dhidi ya kuitumia MultiPlus-II kama mashine ya kupeleka umeme nje tu.

Ikiwa peke yake, MultiPlus-II haiwezi kusimamia umeme wa kwenda na kurudi kwenye gridi. Inahitaji kifaa cha usimamizi cha familia ya GX, kwa mfano Cerbo GX, au ununue toleo la MultiPlus-II GX ambalo tayari linacho ndani. Inahitaji pia programu saidizi ya ESS, inayoamua umeme uende wapi kati ya betri, nyumba na gridi, ipakiwe ndani yake. Anayeuziwa kasha peke yake akaambiwa "hii itauza umeme kwenye gridi" ameuziwa nusu ya mfumo.

Volteji kwenye laini: sehemu ambayo wauzaji hawaizungumzii

Ili umeme utoke nyumbani uende mtaani, volteji kwenye vituo vya inveta lazima iwe juu kidogo kuliko ya laini. Kiasi gani, inategemea ukinzani wa nyaya. Chukua waya wa alumini wa milimita mraba 16 kutoka nguzo hadi nyumbani, urefu wa mita 60. Ukinzani wake ni takriban omu 1.91 kwa kilomita, na mkondo unakwenda kwa laivu na kurudi kwa nyutro, kwa hiyo hesabu mita 120: omu 0.23. Kilowati 3 kwenye volti 230 ni ampea 13. Zidisha: volti 3 zimepanda kwenye waya huo peke yake.

Ongeza nyaya za ndani. Inveta iliyo mita 20 kutoka kwenye bodi, kwa kebo ya shaba ya milimita mraba 4, inajiongezea volti 2.4 nyingine. Ukitumia milimita mraba 10, ongezeko linakuwa chini ya volti 1. Kebo nene hapa inaamua kama inveta itabaki kwenye gridi saa saba mchana au itajitoa, kwa hiyo usiihesabu kama anasa.

Kwa nini? Kiwango cha EN 50160 kinaipa laini ya volti 230 nafasi ya asilimia 10 juu na chini, yaani hadi volti 253. Kanuni nyingi za gridi zinaitaka inveta ijitoe wastani wa dakika 10 ukivuka hapo. Sasa fikiria transfoma ya mtaa ambayo swichi yake ya hatua, ile inayochagua volteji ya kutoka, imewekwa juu ili nyumba za mwisho wa laini zisipate umeme hafifu jioni. Mchana mizigo ni midogo, laini tayari iko kwenye volti 242. Majirani wenye paneli wanaipandisha volti 6 zaidi. Wewe unakuja na 5 zako: umefika 253. Inveta inajitoa, volteji inashuka, inasubiri, inarudi, inajitoa tena. Mwenye nyumba anaona mashine mbovu. Mashine inafanya kazi yake sawasawa.

Watu hukimbilia kutafuta suluhisho kwenye nguvu riaktivu, ile inayokwenda na kurudi kwenye laini bila kufanya kazi. Kwenye laini za volteji ya juu husaidia sana. Kwenye waya mwembamba wa kuingia nyumbani karibu haisaidii chochote, kwa sababu waya huo una ukinzani mwingi na tabia ya koili kidogo mno. Kwa waya wetu wa mita 60, kuvuta VA riaktivu 1300 kunashusha volteji kwa chini ya volti 0.1. Athari yake inaonekana kwenye transfoma ya mtaa. Kwa hiyo shirika la umeme likitaka uwashe mpangilio huo, uwashe, kwa maana una faida kwa mtaa. Ila usitegemee uponye waya wako.

Dawa zinazofanya kazi kweli, kwa mpangilio ambao tungezijaribu: kaza viungio vyote, nenepesha kebo kati ya inveta na bodi, tumia umeme zaidi mchana, chelewesha kujaza betri, kisha omba shirika la umeme lishushe hatua ya transfoma. Hatua moja ya asilimia 2.5 ni karibu volti 6. Fezi tatu ni dawa kubwa kuliko zote. Nguvu ileile ikigawanywa sawa kwenye fezi tatu, nyutro haibebi mkondo na kila fezi inabeba theluthi, hivyo volteji inapanda sehemu moja ya sita tu ya ile ya fezi moja. Ndiyo sababu Uingereza, kwa taratibu zake za G98 za kuunga vyanzo vidogo kwenye gridi, inaruhusu hadi ampea 16 kwa kila fezi kwa usajili mwepesi, na Ujerumani inaweka kikomo cha kVA 4.6 kwa chanzo cha fezi moja. MultiPlus-II inafungwa fezi tatu kwa vifaa vitatu vinavyosemezana. Ukifanya hivyo, kwenye mipangilio ya ESS kuna chaguo la kusawazisha jumla ya fezi zote au kila fezi peke yake. La kwanza ndilo linalompendeza mwenye mita, kwa kuwa mita nyingi hujumlisha. La pili linaitendea laini haki zaidi, kwani halivuti fezi moja huku likisukuma nyingine.

Betri kujaa mapema

Hapa kuna jambo ambalo mfumo huu haulifanyi vizuri ukiuacha kama ulivyotoka kiwandani. ESS inajaza betri mara jua linapotoka. Betri ya kilowati-saa 10 yenye paneli za kilowati 5 hujaa kabla ya adhuhuri, halafu saa ambazo laini imeelemewa zaidi ndizo saa ambazo umeme wote unamwagwa nje. Betri iliyonunuliwa ili ipunguze mzigo wa gridi inakuwa haisaidii chochote kwenye kilele.

Ukiwa umeunga paneli kupitia inveta ya sola ya volti 230, suluhisho ni rahisi: punguza mkondo wa chaja. Ampea 25 hadi 30 zinaisambaza kazi ya kujaza betri kwenye saa 6 au 7. Ukiwa umeunga kupitia MPPT upande wa betri na umeruhusu ziada iende kwenye gridi, njia hiyo inafungwa. Mfumo wa udhibiti unaoitwa DVCC hauwekei chaja za sola kikomo cha mkondo wakati ruhusa ya kupeleka ziada imewashwa, kwa sababu kuzibana kungebana pia umeme unaokwenda nje. Matokeo yake ni mawili. Huwezi kuchelewesha betri kwa njia hiyo, na lazima jumla ya ampea za MPPT zote isizidi kiwango ambacho betri inakubali. Hili la pili ni la usalama. Fundi anayeongeza MPPT ya tatu baada ya mwaka bila kurudi kwenye hesabu hiyo anaiweka betri hatarini.

Gridi ikizimika

Kwa upande wa usalama wa fundi wa laini, MultiPlus-II tunaipa alama za juu. Inafuatilia volteji na masafa (mizunguko ya umeme kwa sekunde, yaani Hz), inatafuta dalili za gridi kupotea, na inakata laivu na nyutro zote mbili kwa rilei zilizopangwa mfuatano. Kila inapounganishwa upya inajipima rilei hizo. Utasikia mlio wa kugonga mara kadhaa. Kiwango cha IEEE 1547 kinataka chanzo kilichobaki peke yake na laini iliyokufa kijikate ndani ya sekunde 2. Sekunde hizo 2 ni uhai wa mtu aliyeshika waya akiamini umezimwa.

Kifaa kina sehemu mbili za kutolea umeme, yaani pato la kwanza na la pili. Mizigo iliyo kwenye pato la kwanza inahamia betri ndani ya milisekunde 20, na kompyuta nyingi hazitahisi. Pato la pili linakufa gridi inapoondoka, na hilo ni kwa makusudi: weka huko hita ya maji, jiko la umeme na kila kitu kinachoweza kungoja. Gridi ikirudi, pato hilo hukawia kama dakika 2. Wateja wengi hudhani limeharibika.

Sasa suala la inveta ya sola iliyoungwa kwenye pato la kwanza. Gridi ikiondoka, MultiPlus-II inatengeneza gridi yake ndogo, na inveta ya sola inaendelea kuzalisha ndani yake. Betri ikijaa, MultiPlus-II inapandisha masafa ili kuiambia inveta ya sola ipunguze. Kwa mipangilio ya kawaida, upunguzaji unaanza 50.2 Hz, unafika chini kabisa 52.7 Hz, na juu ya 53 Hz inveta ya sola inatakiwa iwe imezimika. Namba hizo zinaoana na kanuni ya Ujerumani ya VDE-AR-N 4105, inayotaka inveta ipunguze asilimia 40 ya nguvu kwa kila Hz moja juu ya 50.2. Asilimia 100 ugawe kwa 40 ni 2.5, na 50.2 ukijumlisha 2.5 ni 52.7.

Kanuni ya kupunguza taratibu ilizaliwa kutokana na hatari ya kweli. Inveta za sola za zamani Ujerumani zilikuwa zimepangwa zijikate zote kwa pamoja zikifika 50.2 Hz. Zilipokuwa chache hakuna aliyejali. Zilipofika maelfu kwa maelfu, kukatika kwa pamoja kungeweza kuangusha gridi nzima, na mwaka 2012 ilitoka amri ya kuzibadilisha mipangilio. Anayedharau mpangilio wa masafa kwenye inveta ya nyumba moja akumbuke hilo.

Lakini inveta ya sola yenye mipangilio ya gridi ya kawaida mara nyingi inajikata 51.5 Hz, muda mrefu kabla ya kufika 52.7. Matokeo yake ni inveta inayowaka na kuzimika kila dakika chache gridi inapokuwa haipo. Chagua mpangilio wa gridi ndogo. Kwenye inveta za Fronius unaitwa MG50. Kabla ya kuuchagua, hakikisha shirika la umeme limeukubali, maana inveta hiyo hiyo itakuwa kwenye gridi kubwa muda mwingi zaidi.

Kuna kanuni nyingine ambayo haina mjadala: nguvu ya inveta ya sola iliyo kwenye pato la kwanza isizidi VA za MultiPlus-II. Kwa 48/3000, mwisho ni kilowati 3. Sababu ni hii. Gridi haipo, jiko la kilowati 2.5 linawaka kwa umeme wa jua, mtu analizima ghafla. Kwa sekunde kadhaa, kabla masafa hayajapanda na inveta ya sola haijapunguza, umeme wote unageukia kwenye MultiPlus-II kuelekea betri. Ukizidi uwezo wake, ulinzi unaangusha mfumo mzima, au vifaa vinaumia. Betri nayo iwe na ujazo wa kumeza pigo hilo: Victron inataka karibu kilowati-saa 4.8 za betri ya risasi kwa kila kilowati 1 ya paneli, au ujazo huohuo wa lithiamu kwa kilowati 1.5. Ukitaka paneli zaidi, ziada iwekwe upande wa gridi, mbele ya MultiPlus-II, ukijua kwamba umeme ukikatika sehemu hiyo italala.

Mita na sensa

ESS inaamua kila kitu kwa kusoma mkondo pale umeme unapoingia nyumbani. Mizigo yote ikiwa nyuma ya MultiPlus-II, vipimo vyake vya ndani vinatosha. Baadhi ya mizigo ikiwa pembeni, unahitaji mita ya nishati, kama ET112 kwa fezi moja au EM24 kwa fezi tatu, au sensa ya mkondo ya nje ya ampea 50 au 100. Sensa ni ya fezi moja tu na kebo yake ni mita 1. Bodi ikiwa mbali, nunua mita.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni mshale wa sensa kuelekea upande usio wake. Mfumo unageuka kinyume. Nyumba inavuta wati 500, mfumo unasoma kwamba inapeleka 500, unaamua kuchaji ili "kupunguza" umeme unaotoka; uvutaji unakuwa 1000, unasoma 1000 zinatoka, unachaji zaidi. Unaishia kwenye kikomo cha chaja na kubaki hapo. Ukianza hali ikiwa kinyume, unamwaga betri yote kwenye gridi. Ukiona chaja au inveta imeng'ang'ania kwenye nguvu ya juu bila sababu, tazama mshale kwanza.

Kwa wasioruhusiwa kupeleka umeme nje, mpangilio wa Grid setpoint unakuja ukiwa wati 50, maana mfumo unalenga kuvuta wati 50 muda wote. Udhibiti huu unachukua sekunde kadhaa kujirekebisha. Birika la kilowati 2 likizimwa, karibu kilowati 2 zitachungulia kwenye gridi kwa muda huo mfupi kabla hazijarudishwa. Kwa laini si kitu. Kwa mita ni jambo jingine: baadhi ya mita za malipo ya kabla huhesabu umeme unaotoka kana kwamba umetumika, na nyingine hujifunga zikidhani zimechezewa. Kuongeza lengo hadi wati 100 au 200 hupunguza uvujaji mdogomdogo lakini hakuondoi ule wa birika. Mita inayosoma pande zote mbili ndiyo jibu, na iombwe kabla ya siku ya kuwasha.

Ufungaji: vipimo na makosa

Upande wa betri, kebo ya milimita mraba 35 hadi mita 5, na 70 kuanzia mita 5 hadi 10. Fyuzi ni ampea 125. Boliti za M8 zinakazwa nyutonimita 12 kwa spana ya 13 yenye kizuizi cha umeme. Kiungio kilicholegea upande huu ni chanzo cha moto, kwa hiyo tumia spana ya kipimo, usikisie kwa mkono. Kapasita za ndani zikiwa tupu zinavuta cheche kali mara ya kwanza, na betri nyingi za lithiamu zitajikata zikidhani kuna shoti. Zijaze polepole kwa kupitisha umeme kwenye rezista ya takriban omu 50 kwa sekunde chache, kisha funga swichi. Acha sentimita 10 za hewa pande zote. Kiwango cha kinga ya maji ni IP22, kwa hiyo nje ya nyumba si mahali pake.

Mawasiliano na betri yanatumia kebo ya CAN kwa kasi ya kbit 500 kwa sekunde. Victron inauza kebo za aina A na aina B ambazo kwa macho ni ileile, tofauti iko kwenye mpangilio wa nyaya ndani ya plagi. Betri isipoonekana kwenye skrini, anzia hapo.

Nyutro ya pato isiguse nyutro ya upande wa gridi popote baada ya MultiPlus-II. Fundi wa bodi amezoea kuweka nyutro zote kwenye baa moja. Hapa lazima ziwe baa mbili. Sababu ni kwamba gridi ikiondoka, rilei ya ndani inaiunga nyutro ya pato na ethi ili breka ya uvujaji, ile inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini, ifanye kazi, na gridi ikirudi inaachia. Nyutro zikichanganywa, breka ya uvujaji inaruka bila mpangilio, au kifaa kinakataa kuungana na kuonyesha kosa namba 11, la kipimo cha rilei. Wengi hurudisha kifaa dukani kwa kosa hilo. Kagua nyutro na ethi zako kwanza, pamoja na laivu na nyutro zilizobadilishana upande wa kuingilia. Breka ya uvujaji ya milliampea 30 iwekwe kwenye pato, pamoja na breka ya kawaida.

Kanuni za gridi huchaguliwa kwa programu ya VEConfigure kupitia kebo ya MK3-USB, na kuzibadilisha kunahitaji nenosiri linalotolewa na muuzaji. Tunaupenda ugumu huo. Mipaka ya volteji na masafa ni makubaliano kati ya nyumba na laini, na haifai mtu yeyote mwenye simu aipanue kwa sababu inveta inajikata mchana. Muuzaji asiyeweza kukupa msaada wa nenosiri si wa kununua kwake kifaa hiki.

Majaribio ya siku ya kuwasha

Pima volteji kwenye vituo vya kuingilia wakati hakuna kinachotoka, kisha lazimisha kupeleka nje kwa ampea 10 na upime tena. Gawa tofauti kwa 10. Jibu la omu 0.3 ni la kawaida kwa laini fupi. Likizidi 0.6, usiendelee, kuna kiungio kibaya au waya mwembamba mno, na mara nyingi ni kwenye nguzo au kwenye mita, kazi ya shirika la umeme.

Zima breka kuu huku mfumo ukipeleka umeme nje. Pima upande wa gridi wa breka ya MultiPlus-II: lazima kuwe hakuna volteji ndani ya sekunde 2. Pato la kwanza liwe hai, la pili limekufa. Washa tena breka na uhesabu muda hadi mfumo uungane. Chini ya kanuni nyingi ni angalau sekunde 60 za gridi tulivu. Ukiungana mapema zaidi, kanuni za gridi hazijachaguliwa.

Kwa mfumo wenye inveta ya sola kwenye pato, zima gridi betri ikiwa imejaa na jua likiwa kali, kisha angalia masafa yanavyopanda na nguvu ya inveta ya sola inavyoshuka kwa mteremko, si kwa kuruka. Jaribio hili linarukwa na mafundi wengi kwa sababu linahitaji kusubiri betri ijae. Lisirukwe.

Mwisho, acha mfumo uandike volteji ya juu ya kila siku kwa wiki mbili kwenye VRM, tovuti ya Victron inayopokea data za vifaa vya GX. Ikigusa 250 mara kwa mara, chapisha grafu hiyo na uipeleke kwa shirika la umeme pamoja na mchoro wa ufungaji na faili la mipangilio. Ombi la kushusha hatua ya transfoma lenye grafu ya siku 14 hujadiliwa na wahandisi wa mtandao. Malalamiko ya mdomo hubaki kaunta.